Chapa 25000, alama ya shilingi iachie kompyuta

Desemba, vikoba vya kuweka na kukopa vinapovunjwa na mgao kukaribia, maduka ya steshenari hupata wateja wa aina yake: wahazini. Mama anaingia na kaunta buku lililofungwa kwa mpira, anavuta kigoda karibu na kijana wa kompyuta, anaanza kumsomea. Fulani, hisa elfu ishirini na tano. Fulani, elfu hamsini. Kijana anachapa vilevile daftari linavyosema: 25,000/=, 50,000/=, 12,500/=. Orodha inapendeza. Mwisho anaweka fomula ya kujumlisha chini ya safu, anabonyeza Enter, na jibu linakuja: 0.

"Mwanangu, hela za watu ziko wapi?"

"Zipo, mama. Hii mashine tu inazingua."

Anachukua simu, anafungua kikokotoo, anajumlisha upya kwa kidole na kuchapa jumla yeye mwenyewe kwenye seli ya mwisho. Karatasi inatolewa, mama analipa, anaondoka. Wiki ijayo mwanachama mmoja akiongeza hisa, jumla haitasogea hata shilingi moja, maana si fomula tena. Ni namba iliyopachikwa.

Mashine haikuzingua. Iliona 25,000/= ikaichukua kuwa ni maneno, sawa na ambavyo ingechukua jina la mwanachama au la mtaa, na SUM ina tabia ya kuruka maneno kimyakimya. Laiti kijana angejumlisha seli kwa seli kwa alama ya +, Excel ingegoma na kuandika #VALUE!, na hapo wote wawili wangejua kuna jambo. SUM haigomi. Tena afadhali hiyo sifuri, inashtua. Balaa ni pale nusu ya safu imechapwa 25,000/= na nusu nyingine 25000: jumla inatoka, inafanana na ukweli, na michango ya nusu ya wanachama haimo.

Kiini cha mkanganyiko huu ni kwamba lahajedwali, iwe Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc, hutunza kila seli kwa tabaka mbili. Kuna thamani, yaani namba yenyewe inayoingia kwenye hesabu, na kuna vazi ambalo namba hiyo huvalishwa ili mtu aisome: mkato wa maelfu, TSh, /=, tarakimu baada ya nukta, rangi nyekundu ya deni. Kwenye daftari vitu hivi viwili viko ndani ya wino mmoja, na mhazini hajawahi kuwa na sababu ya kuvitenganisha. Kwenye kompyuta vimetengana tangu siku za mwanzo kabisa. VisiCalc, lahajedwali la kwanza kuuzwa kwa ajili ya kompyuta ndogo, lililotengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kutoka mwaka 1979, tayari lilikuwa na amri ya kuonyesha namba kwa mtindo wa dola na senti bila kuigusa namba yenyewe.

Alama yetu ya /= ina umri mkubwa kuliko mashine hizi. Waingereza walipokuwa wakihesabu kwa pauni, shilingi na peni, shilingi tano kamili waliziandika 5/-, mkwaju ukitenganisha shilingi na peni, kistari kikisema peni hakuna. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921 iligawanywa kwa senti 100 badala ya peni 12, lakini mkwaju ukabaki. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilipoacha sarafu ya pamoja na kila moja kutoa shilingi yake, mkwaju ulikwenda na zote tatu. Ndiyo maana kwenye risiti za zamani 10/50 ni shilingi kumi na senti hamsini, na 10/= ni shilingi kumi kavu.

Sasa mchapie Excel hiyo 10/50. Haioni shilingi. Inaona mwezi wa 10 wa mwaka 50, inaandika Oktoba 1950, na kwa kuwa tarehe zote huzihifadhi kama hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, ndani ya seli hiyo inaweka 18,537. Mtu akiona tarehe ya ajabu akaamua kuifomati seli iwe fedha, atapata TSh 18,537. Shilingi kumi na senti hamsini za mtu zimezaa zaidi ya elfu kumi na nane. Na katika kulalamika hatuko peke yetu: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya na kubadili majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe za Machi na Septemba kwenye majedwali ya watafiti. Kama wanasayansi wameamua ni rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko kupigana na mashine, mhazini asijione mjinga.

Dawa ya fedha, kwa bahati nzuri, ni nyepesi kuliko ya jeni. Chagua safu nzima ya kiasi kabla hujachapa chochote. Bonyeza Ctrl na 1, dirisha la kufomati seli litafunguka. Shuka hadi chaguo la mwisho kwenye orodha, lililoandikwa Custom, na kwenye kisanduku chake andika hivi:

#,##0"/="

Basi. Sasa unachapa 25000 tupu, bila mkato wala mkwaju, na seli inaonyesha 25,000/=. Mhazini anaona anachokijua, SUM inaona namba. Alama za reli ni nafasi za tarakimu, mkato ni wa maelfu, 0 inahakikisha hata sifuri inaandikwa, na alama za nukuu zinaieleza mashine kwamba /= ni pambo la kuandikwa lilivyo. Usizisahau, kwa sababu nje ya nukuu mkwaju una kazi nyingine kwenye msimbo huu: ya tarehe na sehemu.

Msimbo huo unaweza kugawanywa kwa nukta mkato: kipande cha kwanza kwa namba chanya, cha pili kwa hasi, cha tatu kwa sifuri. Mimi napenda sana hiki cha tatu. Ukiandika

#,##0"/=";[Red]-#,##0"/=";"bado"

aliyelipa ataonekana na kiasi chake, aliyezidisha mkopo ataonekana kwa wekundu, na kila uliyemwekea 0 ataonekana ameandikiwa "bado". Ndani ya seli ni sifuri ile ile, haivurugi jumla, lakini ukiibandika orodha ukutani siku ya mkutano kila mtu anasoma bila kuhitaji tafsiri. Wahasibu wenye vyeti hupenda kuweka hasara ndani ya mabano. Kwa wanachama ambao hawajasomea uhasibu, mabano hayasemi kitu. Wekundu na alama ya kutoa vinasema.

Orodha za zamani zilizokwishachapwa na /= nazo zinaokolewa. Chagua safu, bonyeza Ctrl na H, tafuta /=, mahali pa kubadilishia pawe patupu, kisha badilisha zote. Excel itazisoma seli upya na kuzigeuza namba. Utajua imefanikiwa kwa kutazama upande: maneno hukaa kushoto mwa seli, namba hukimbilia kulia. Zile 10/50 zilizokwisha kuwa tarehe hazina njia ya mkato. Zirudie moja moja. Na kama karatasi itajazwa na watu wengi, iwekee sharti la data kwenye safu hiyo lipokee namba tu. Atakayechapa 25,000/= ataambiwa papo hapo kwamba haikubaliki, wakati bado ana daftari mkononi.

Wengine hawafiki huko kote. Wanaona kitufe cha noti juu ya skrini, wanakibonyeza, na ghafla kikoba cha Mbagala kina dola. Kompyuta nyingi zinaanza maisha zikiwa na mipangilio ya Marekani, na kitufe hicho hufuata mipangilio ya mashine. Ukienda kwenye mipangilio ya nchi na lugha ndani ya Windows ukaweka Tanzania, kitatoa shilingi.

Lakini hapo pana mtego ambao umewachanganya watu wazima wenye shahada zao. Fomati hiyo ya kitufe haibebi shilingi yoyote ndani ya faili. Inabeba agizo lisemalo: onyesha sarafu ya kompyuta hii. Mfanyabiashara wa Nairobi, ambaye mashine yake imewekwa Kenya, anatuma ankara ya Ksh 10,000. Mwenzake wa Arusha anaifungua kwenye mashine iliyowekwa Tanzania, anaona TSh 10,000. Hakuna aliyegusa kitu, namba ni ile ile, ila sarafu imebadilika njiani na deni limepungua mara nyingi. Kwa kazi inayovuka mpaka, usikitegemee kitufe. Rudi Ctrl na 1, chagua sarafu kwa jina lake kwenye orodha, au andika mwenyewe herufi tatu za kimataifa ndani ya nukuu: "KES" #,##0, au "TZS" #,##0. Hizo hazibadiliki hata faili ifunguliwe Tokyo. Google Sheets wamelikwepa tatizo hili kwa kuiweka nchi ndani ya faili lenyewe, hivyo kila anayelifungua huona kitu kile kile. Kwa hili nawapa pongezi.

Kuna wanaodhani pia kwamba kubadilisha alama ni kubadilisha fedha. Mwaka 2025 Tanzania ilipotoa kanuni za kuzuia bidhaa na huduma za ndani kutajiwa bei na kulipwa kwa fedha za kigeni, wenye orodha za bei za dola walitakiwa kuzigeuza shilingi. Kwenye lahajedwali, ukichagua safu ya dola na kuipa fomati ya TSh, chumba cha dola 100 kinakuwa chumba cha shilingi 100, bei ya pipi. Vazi limebadilika, thamani imebaki pale pale. Kinachotakiwa ni kuweka kiwango cha kubadilishia fedha kwenye seli moja, tuseme F1, na kuzidisha: =B2*$F$1. Kiwango kikipanda kesho, unabadilisha seli moja na orodha nzima inafuata. Hizo alama za dola ndani ya fomula, kwa njia, hazihusiani na fedha hata kidogo. Zinaifunga F1 isihame fomula inapoburutwa kwenda chini.

Anayefanya biashara ya Kongo au ya Ghuba huwa na sarafu kadhaa kwenye safu moja, na hapa ndipo kazi ya kuifanya fomati ijiendeshe yenyewe inapolipa. Tenga safu ya herufi za sarafu, B, na safu ya kiasi, C. Kwenye C weka fomati ya masharti kwa fomula kama =$B2="KES" na uichagulie mtindo wake wa namba; kisha sharti lingine la USD, lingine la CDF, na kuendelea. Tangu toleo la 2007, Excel inaweza kubadili mtindo wa namba kwa masharti. Google Sheets kwa masharti hubadili rangi na mwandiko tu. Basi kwenye Excel, ukichapa CDF kwenye B, kiasi kilichoko C kinajivika faranga. Fahamu tu kwamba kwa mashine yenyewe hayo yote ni namba tupu: SUM ya safu C itajumlisha dola, faranga na shilingi bila haya na kukupa jibu lisilo na maana yoyote. Tumia SUMIF, kila sarafu na jumla yake.

Idadi ya tarakimu baada ya nukta nayo si ya kubahatisha. Orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, inaipa shilingi ya Tanzania na ya Kenya tarakimu mbili, ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi hakuna, na riali ya Omani tatu, kwa sababu riali moja ina baisa 1,000. Ankara ya Muscat ikisema 12.500 ni riali kumi na mbili na nusu. Karani wa Bujumbura au Lubumbashi, aliyesoma kwa Kifaransa na kuzoea mkato kuwa ndio unaotenga senti, anaweza kuisoma elfu kumi na mbili na mia tano. Na hata akiielewa sawasawa, akiichapa kwa mkato wake kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza, 12,500, mashine itaifanya elfu hizo hizo.

Turudi kwenye kikoba, maana ugomvi mkubwa wa siku ya mgao hautokani na mambo haya ya mipakani. Unatokana na shilingi moja. Faida ni 500,000 na wenye hisa sawa ni watatu. Lahajedwali linagawa na kuonyesha 166,667/= kwa kila mmoja, kwa sababu fomati yetu haina senti na mashine imekadiria kwa macho tu. Ndani ya seli kuna 166,666.66 na zaidi. Jumla chini inasema 500,000/=. Yupo mwanachama, hakosekani, atakayetoa simu yake na kujumlisha 166,667 mara tatu. Anapata 500,001. Anasimama. Mhazini anaapa kwamba hesabu imefanywa na kompyuta, jambo ambalo ni kweli na halimsaidii.

Fomati hukadiria kinachoonekana na kuiacha thamani na mikia yake yote. Ukitaka kinachoonekana ndicho kilichomo, fomula ndiyo ikadirie. Na kwa kuwa mgao hulipwa kwa noti na sarafu, hakuna haja ya kwenda shilingi kwa shilingi: =ROUNDDOWN(B1/3,-2) inashusha hadi mia kamili, kila mmoja anapata 166,600/=, na 200/= inayobaki inaingia mfuko wa jamii. Liandikeni hilo kwenye katiba ya kikundi kabla ya Desemba. Ipo pia sehemu ndani ya mipangilio ya Excel inayoilazimisha faili nzima ifuate kinachoonekana. Simshauri mtu, kwa sababu hukata mikia ya namba zote moja kwa moja na hairudishi.

Safu zisizoingia kwenye hesabu zipe fomati ya maneno, hata kama zimejaa tarakimu. Namba ya simu ikichukuliwa kuwa namba hupoteza sifuri ya mbele. Namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ni mbaya zaidi: ina tarakimu 20, Excel hubeba 15 tu, na tano za mwisho hugeuka sifuri mara unapobonyeza Enter. Hapo hakuna vazi la kubadilisha ili zirudi. Thamani yenyewe imekwenda.

Kwa wanaokagua hesabu za wenzao nina neno moja zaidi. Upo msimbo wa nukta mkato tatu zikifuatana, ;;; bila kitu kingine. Seli iliyopewa fomati hiyo huonekana tupu kabisa kwenye skrini na kwenye karatasi, huku namba iliyomo ikiendelea kuhesabiwa. Yapo matumizi yake halali, lakini karatasi iliyochapishwa haiwezi kukwambia kama imetumika. Upo pia mkato wa mwisho unaofupisha kwa elfu: #,##0, huonyesha 25 mahali palipo na 25,000. Kwenye bajeti inayoeleza juu ya jedwali kwamba tarakimu ni kwa maelfu, sawa. Bila maelezo hayo, ni mtihani. Mkaguzi aombe faili, asiombe karatasi. Abofye seli zenye fedha nyingi na atazame upau wa fomula juu, ambako thamani au fomula yake huonekana ilivyo, bila TSh wala mkwaju.

Vazi hilo pia huvuliwa namba inapounganishwa na maneno. Ukiandika ="Jumla ni "&B20 utapata "Jumla ni 1250000", tarakimu zikiwa zimejibana. Ivalishe tena ndani ya fomula: ="Jumla ni "&TEXT(B20,"#,##0")&"/=". Barua zinazovuta majina na kiasi kutoka Excel kwenda Word huwa na kasoro hiyo hiyo, na watu wengi huirekebisha kwa mkono, barua moja baada ya nyingine, kumbe safu moja ya TEXT ingetosha.

Kinachobaki ni ule mstari wa risiti unaosema "kiasi kwa maneno". Excel ina fomula iitwayo BAHTTEXT: ukiipa namba, inaiandika kwa maneno ya Kithai na kuweka jina la sarafu yao mwishoni. Kwa Kiswahili haipo, na hata kwa Kiingereza haipo. Kijana wa steshenari mwenye subira anaweza kuijenga, kwa kuwa hesabu yetu ina utaratibu, lakini itambidi aamue jambo moja mapema: elfu ishirini na tano inaweza kuwa 25,000 na inaweza kuwa 20,005. Wapo wanaokwepa utata huo kwa kuandika ishirini na tano elfu, wapo wasiotaka kuisikia. Akishaamua, aongeze "tu" mwishoni mwa fomula, kama wahazini wanavyofanya kwa kalamu ili pasiwe na wa kuongezea neno.